Bendi ya Jumamosi njia ya Kibirizi: agiza mgebuka, kaa upande wa besi

Mimi si mtu wa kutoa alama kwa hoteli. Natengeneza spika, ampu na mixa, karakana yangu iko Ng'ambo, Tabora, na Kigoma naifuata kwa treni pale kanisa au ukumbi unaponiita. Kwa hiyo hapa nimepapima kwa sikio kwanza, ulimi ukafuata. Anayetaka habari za maegesho na vyumba asome kwa mwingine.

Penyewe hapana kibao. Mwambie dereva wa bajaji akupeleke kwenye bendi ya Jumamosi, njia ya kushukia mwalo wa Kibirizi. Akijifanya hajui, mwambie kwenye mwembe na mapaa ya makuti. Utakuta ua mpana, nusu umeezekwa na nusu uko wazi, viti vya plastiki, runinga kubwa juu ya kaunta, na jukwaa la mbao lililoinuliwa kwa matofali. Kiingilio hakuna. Ziwa hulioni ukiwa umekaa, ila upepo wake unafika, na usiku unasaidia kufukuza mbu.

Chakula nikimalize upesi maana hakina ubishi. Agiza mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Analetwa mzima, amechanjwa mbavuni, amekaangwa akakauka kisha akapitishwa kwenye rojo la mawese, nyanya na pilipili, na ugali wa muhogo au wa mahindi, utachagua mwenyewe. Nililipa 8,000 na sikuona aliyelalamika. Ukiagiza kinywaji unaletewa kisahani cha dagaa wa kukaanga bila kuomba, na hawaingizwi kwenye bili. Kuku achana naye. Meza ya jirani waliagiza kuku mpira ukiwa haujaanza, akaja refa ameshapuliza filimbi ya mwisho, na bado alikuwa mgumu. Halafu kuna miezi ambayo ziwa linafungwa kupisha samaki wazaliane. Kipindi hicho ulizia kwanza, usije ukapanda bajaji kwa ajili ya maharage.

Sasa bendi, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Ni vijana watano na mzee mmoja wa tumba. Kuna solo, besi, kinanda, drams, na anayepiga rizimu ndiye mwimbaji. Wanapanda saa mbili usiku na kushuka inakaribia saa saba, mapumziko mawili tu, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna anayewasikiliza. Watu wamekuja kula, kuangalia mpira, kupatana bei ya dagaa. Wahudumu wanakatiza mbele ya jukwaa na sinia vichwani. Katikati ya wimbo mwimbaji anapenyezewa kikaratasi, na bila kuuachia mdundo anaimba kwamba mwenye Noah nyeupe anaombwa aisogeze, imeziba njia, kisha anarudi kwenye ubeti pale pale alipouachia. Nilicheka peke yangu. Studio hakuna atakayekufundisha kuingiza gari la watu kwenye ubeti na bado ukatoka salama.

Sehemu kubwa wanapiga kopi: zilipendwa za Tabora na Morogoro, rumba ya ng'ambo ya ziwa, Bongo Fleva zilizogeuzwa ziingie kwenye magita, na akitokea mtu ameshalewa akataka wimbo wa kwaya wanampigia hata huo. Nyimbo zao wenyewe ni chache, na wanazichomeka baada ya saa tano bila kuzitangaza, zisije zikakataliwa. Moja niliipenda, nikauliza jina lake. Bado haina.

Wa kuangaliwa ni mpiga besi. Mchana anabeba viroba vya dagaa Kibirizi, na mikono yake inaonesha. Anabaki nyuma ya drams kidogo sana, kiasi kwamba ukiwa unacheza unaona mguu unavutwa chini kabla hujaunyanyua. Hilo ni jambo ambalo nimewasikia watu wazima wakilitafuta wasilipate. Walipopumzika alikuja mezani kwangu.

"Shikamoo mzee. Wanasema wewe ni fundi."

"Marahaba. Nani kakufundisha kukaa nyuma ya ngoma namna ile?"

"Hakuna, mzee. Mwanzo nilikuwa nachelewa tu. Halafu mzee wa tumba akaniambia, chelewa hivyo hivyo kila siku."

Nikakumbuka Hamburg. Si kwamba nimefika, ila habari za mwanzo za bendi kubwa nazifuatilia tangu nianze kazi hii, na ya Hamburg naipenda kuliko zote. Agosti 1960 vijana watano wa Liverpool, waliokuwa ndiyo kwanza wameanza kujiita The Beatles, walipelekwa Ujerumani kupiga kwenye klabu iliyoitwa Indra, mtaa wa mabaharia na madanguro. Mwenye klabu, Bruno Koschmider, aliwalaza kwenye vijumba vya giza nyuma ya sinema ya Bambi, jirani kabisa na vyoo. Wakipoa jukwaani alikuwa anawafokea wafanye vituko. Walipiga saa nne na nusu siku za kawaida na saa sita Jumamosi, mbele ya watu waliofuata bia. Nyimbo walizokuja nazo hazikutosha kujaza usiku, ikabidi wazirefushe na kujifunza nyingine kila kukicha. Mama mmoja aliyeishi juu ya klabu alipochoshwa na kelele, wakahamishiwa Kaiserkeller, mtaa ule ule. George Harrison alikuwa na miaka 17, na Novemba polisi wakamrudisha kwao kwa sababu hajafikisha umri wa kukesha kwenye klabu. Walikwenda na kurudi Hamburg hadi mwisho wa 1962. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo, tarehe 1 Januari, kampuni ya kurekodi muziki ya Decca ilikuwa imewapima London, kisha ikawakataa.

Watu wakisimulia hayo hutaja vyoo na sinema. Mimi fundi nasimama kwenye monita. Bendi ndogo ya zama zile haikuwa na monita, yaani ile spika ya chini inayomwelekea mwimbaji ajisikie anaimba nini. Sasa piga picha: watu watatu wanaimba sauti tatu tofauti kwa pamoja, ampu zinanguruma mgongoni, ukumbi una walevi, na hakuna hata mmoja anayejisikia vizuri. Usiku wa kwanza mtaimba hovyo. Usiku wa arobaini sikio limeshajifunza kuitafuta sauti ya mwenzako kwenye vurugu. Jumamosi niliyokuwapo bendi yetu ilikuwa na monita moja, tena inakoroma, na mwimbaji akaigeuza iangalie ukuta mapema. Alikuwa anaziba sikio moja kwa kiganja na kuimba. Kwenye sauti za juu alipanda na kushuka bila kuyumba, na kijana wa solo akimwitikia, wakiwa wamepeana migongo.

Lakini niwaambie, hadithi hizi zinaharibiwa na wanaozitumia kuhubiria vijana: teseka mwanangu, mwisho utakuwa staa. Kwenye Kaiserkeller ile ile, miezi ile ile, Beatles walikuwa wanapokezana jukwaa na bendi nyingine ya Liverpool, Rory Storm and the Hurricanes. Wakati huo hao ndio waliokuwa na jina kubwa zaidi kwao. Saa ndefu ni zile zile, walevi ni wale wale, jukwaa ni moja. Agosti 1962 mpiga drams wao akahamia kwa Beatles. Ndiye Ringo Starr. Rory Storm alibaki na umaarufu wa Liverpool hadi anakufa mwaka 1972. Anayekuhakikishia kwamba taabu inazaa umaarufu mwambie akueleze huyo naye ilikuwaje. Na bado, aliyeingia ukumbini Liverpool mwaka 1961 akacheza na Rory Storm hadi shati likalowa, alicheza kweli. Hakupunjwa chochote kwa sababu bendi ile haikuja kuwa kubwa baadaye.

Ndiyo maana wakati jirani yangu wa meza, muuza mawese, aliponiuliza kama hawa vijana "watatoka", nilimjibu kwamba kwangu mimi wametoka saa mbili usiku ile ile. Hakuridhika. Akaanza kunihesabia mastaa wenye asili ya Kigoma, Diamond ambaye mama yake ni wa huku, Ali Kiba, orodha ndefu, hadi ule mwaka 2012 wasanii wenye damu ya Kigoma walipoungana kuimba pamoja. Yote kweli, na Mha akianza kuhesabu wasanii wake usimkatize. Ila Diamond kakulia Tandale, na milango aliyobisha hodi ilikuwa ya studio za Dar es Salaam. Bongo Fleva njia yake huwa inaanzia studio: unarekodi, redio wanapiga, wimbo unapendwa, ndipo unaitwa kwenye shoo ujifunze kusimama mbele ya watu, na mara nyingi mwanzoni CD ndiyo inayoimba. Si njia mbaya, imelisha familia nyingi. Hawa wa njia ya Kibirizi wameipita kwa kinyume. Kusimama mbele ya watu wanakujua hadi kumekuwa kama mazoea ya nyumbani, na studio hawajaingia.

Njia yao ni ya zamani zaidi, na huku magharibi tunaijua. Shem Karenga alianzia Lake Tanganyika Jazz ya hapa hapa Kigoma kabla hajaja kwetu kujiunga na Tabora Jazz, na akiwa huko ndipo jina lake likaenea nchi nzima. (Nikiyasema haya Kigoma napata maadui, maana wao wanamhesabu ni wao na sisi tunamhesabu ni wetu. Muuza mawese alininyima dagaa kwa dakika kadhaa.) Katika bendi za zama hizo gita mara nyingi halikuwa la mpigaji. Vyombo vilikuwa vya klabu, vya chama, vya jeshi, vya kiwanda. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi wana yao, JKT wana yao. Mwanamuziki akihama anaondoka na vidole vyake. Uzuri wake, kijana asiye na hela ya kununua hata waya wa gita aliweza kuwa mpiga gita. Ubaya wake, mwenye vyombo akinuna, bendi imekufa asubuhi hiyo.

Mwenye nyumba hii amerudisha mpango huo kwa udogo wake. Amenunua yeye magita yote, kinanda, drams zenye ngozi za viraka, tumba mbili. Siku za katikati ya wiki, mchana, ua ukiwa hauna wateja, anawaachia vijana wafanye mazoezi. Bila hilo mbeba viroba angeishikia wapi besi? Malipo ni 10,000 kwa kila mmoja kwa usiku pamoja na sahani ya chakula, na tunza wanagawana sawa. Ni ndogo, na nilimwambia hivyo. Akanijibu gita la besi limemlia faida ya miezi. Tukaishia hapo, kila mtu na lake.

Mapumziko ya pili niliitwa jukwaani kuangalia kinanda kilichokuwa kinakata sauti. Ilikuwa soketi ya waya imelegea, kazi ndogo. Nikiwa naibana, mpiga kinanda akaniuliza kama ni kweli Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa Unguja. Ni kweli, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka mwaka 1964 kwenda Uingereza. Nikamwambia kabla bendi haijashika alikuwa na kibanda cha nguo soko la Kensington huko London, yeye na mpiga drams wake, Roger Taylor.

"Nguo gani, mzee? Mitumba?"

"Nguo za kizamani zilizovaliwa, ndiyo. Mitumba."

Akawaita wenzake wote waje wasikie, kwa sababu yeye mwenyewe anauza mitumba Mwanga, hapa hapa Kigoma, na inaonekana wamekuwa wakimtania kwa hilo. Ilibidi nirudie habari nzima tangu mwanzo.

Mzee wa tumba hakuvutika. Yeye mfano wake ni mmoja tu, Remmy Ongala. Akawaambia: huyo katoka Zaire mwaka 1978 kaja Dar kwenye bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, baadaye kaenda Matimila, na jukwaa la WOMAD, tamasha kubwa la muziki kule Uingereza, kalipanda mwaka 1988. Kijana wa solo akahesabu kwa vidole.

"Miaka kumi yote, mzee?"

"Na alipokuja alikuwa tayari anajua kupiga."

Nilitamani kumlipia bia huyo mzee, lakini hanywi. Nikamlipia soda, akaiweka chini ya tumba na kuisahau.

Malalamiko yapo, na mengi ni ya kazi yangu. Jiko liko nyuma ya jukwaa, ukuta wa mabanzi tu unawatenganisha. Moshi wa mafuta unaingia kwenye matundu ya ampu, unashikana na vumbi, feni inazibwa, na ampu ikipata joto inajizima. Ilijizima saa nne na robo katikati ya chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, watu wote wamesimama kucheza. Bendi ikaendelea na drams na tumba peke yake hadi umeme wa ampu ukarudi, na wacheza hawakukaa. Hiyo ni sifa ya bendi, kwa mwenye nyumba ni aibu. Maiki ya mwimbaji inasikia jiko pia: wimbo wa taratibu, mapenzi yamefika shingoni, na nyuma yake mama anatwanga vitunguu saumu. Spika ya upande wa kaunta twita yake, yaani kile kispika cha sauti za juu, imeungua, kwa hiyo ukikaa huko unasikia maneno nusu. Kaa upande wa mwembe, ilipo ampu ya besi, meza ya pili au ya tatu. Meza ya kwanza itakuumiza.

Kero kubwa ni runinga. Mpira wenyewe sina ugomvi nao. Lakini sauti ya mtangazaji inaachwa hadi robo saa baada ya bendi kuanza, kwa hiyo wimbo wa kwanza kila wiki unauawa. Na wakati wa mapumziko kijana wa kaunta anaunganisha simu yake na kupiga nyimbo kwa sauti kubwa kuliko bendi ilivyokuwa ikipiga. Masikio yanachoka, wanamuziki wakirudi wanaonekana wadogo. Huyo kijana aambiwe, kwa upole lakini aambiwe.

Vyoo ni visafi. Malipo ya simu wanapokea, makato ni juu yao. Wahudumu wana heshima, ila wakizidiwa wanasahau, basi mshike mmoja na uagizie kwake usiku kucha. Usafiri wa kurudi saa saba ni bajaji, na bei inapanda. Patana kabla hujapanda. Ukitaka kuwatunza vijana, peleka noti jukwaani mwenyewe, mpe mwimbaji mkononi au mbandike mzee wa tumba kwenye paji la uso, wala usipitishie kaunta. Na kuanzia saa tano omba wapige nyimbo zao, sema hivyo hivyo, "zenu". Wataangaliana kwanza.

Kwa mwenye nyumba, najua unasoma kwa sababu ulinionesha simu yako. Twita mpya ya upande wa kaunta ukiinunua weka na kapasita yake inayozuia sauti za besi zisiifikie, usiiunge moja kwa moja na spika ya besi, ndicho kilichoiunguza ya kwanza. Feni ya ampu uifungue kila mwezi uifute kwa brashi kavu na spiriti kidogo, ukiwa umechomoa umeme. Monita niletee Tabora, koni imepasuka, nitakuwekea nyingine kwa bei ya vifaa tu. Ukuta wa jiko pigilia bati hadi juu. Na hiyo rimoti ya runinga, ikifika saa mbili kamili, mkabidhi mzee wa tumba.